UNATAKA KUWA FUNDI WA PROGRAMU: FUNDI WA NINI?

 

Wakati huu sisi wa kalasi ya sita tunaulizwa neno moja kila siku: kisha Ekzamen ya Serikali, utaenda kusoma nini? Wengi wanajibu: «Miye nitafanya informatiki, nitaandika programu.» Ukiuliza tena: programu za ginsi gani? wananyamaza, ama wanasema: «Zile za ordinatere.»

Jibu hilo halitoshi. Mtu akisema anataka kuwa fundi, tunamwuliza: fundi wa mbao, wa nguo, wa nyumba ama wa motokari? Wote ni mafundi, lakini ukimpa fundi wa nguo mbao na msumeno, meza hutaiona. Katika programu iko vile vile.

Neno hili si la mchezo. Mwaka mmoja wa chuo kikuu ni ng'ombe wa baba, ama ni shamba la mama, ama ni minervali ya wadogo wawili waliobaki nyumbani. Kuko vijana wanaokaa chuoni miaka miwili, kisha wanaacha wakisema: «Informatiki ni nguvu, haiko yangu.» Pengine informatiki ilikuwa yao, lakini tawi walilokalia halikuwa lao. Juu ya hiyo ninaandika hapa: tuone matawi yenyewe ni yapi, na mtu anajua namna gani lipi ni lake.

1. PROGRAMU NI NINI

Programu ni amri zilizoandikwa moja kisha nyingine, katika lugha ambayo ordinatere inaweza kuifuata. Ordinatere haina akili ya kukisia. Ukimwambia mdogo wako «pika bugali», anajua mwenyewe kuwasha moto, kuchemsha maji, kisha kutia unga. Ordinatere haijui. Usipoandika «chemsha maji», itatia unga katika maji baridi, na haitaona aibu hata kidogo.

Basi mwandishi wa programu ni mtu wa kufikiri hatua kwa hatua, na wa kuona mbele ni wapi mambo yataharibika. Hilo ni shina, na mafundi wote wanalo. Lakini juu ya shina kuko matawi mengi, na kila tawi liko na taabu yake.

2. TUFUATE FRANGA ZA MAMA

Ili kuona matawi hayo, tuchukue kitu tunachokijua wote. Mama mmoja yuko Lubumbashi. Mtoto wake anasoma Kalemie. Mama anataka kumtumia franga 50,000 kwa telefone. Kazi ya namna hii ilianza kwa nguvu Kenya mwaka 2007, kwa jina la M-Pesa, na mwaka 2012 Vodacom iliileta M-Pesa hapa kwetu Kongo. Leo hata nyanya wa kijijini anajua kupokea feza kwa simu. Lakini kati ya kidole cha mama na telefone ya mtoto, kuko kazi za mafundi wengi.

a) Fundi wa uso wa programu. Mama anabonyeza namba, anaona maneno: tuma feza, toa feza, ona salio. Kuko mtu aliyechagua maneno hayo na mpangilio wake. Simu ndogo zisizo na intaneti zinatumia njia inayoitwa USSD, na ujumbe mmoja wa njia hiyo hauzidi herufi 182. Mama akichelewa kusoma, njia inajifunga na anaanza upya. Basi fundi huyu anajiuliza: mtu asiyesoma vizuri ataelewa? Akikosea, atarudi nyuma namna gani? Taabu yake ni watu: kila mara watafanya kitu ambacho hakukifikiri. Ukipenda kuangalia mtu akishindwa kutumia kitu, na badala ya kumcheka ukatafuta kosa katika kile kitu chenyewe, tawi hili linakuita.

b) Fundi wa ndani. Kisha mama kukubali, programu inapaswa kuondoa 50,000 kwake na kuongeza 50,000 kwa mtoto. Ni kutoa na kujumlisha, hesabu ya shule ya msingi. Lakini umeme ukikatika katikati, kisha kutoa na mbele ya kujumlisha? Feza imepotea. Basi kuko sharti: ama yote mawili yanafanyika, ama hakuna hata moja. Tena, mama akiona jibu linakawia anabonyeza mara ya pili. Je, itatumwa 100,000? Fundi wa ndani anaweka alama ya pekee juu ya kila ombi, na ombi lenye alama ile ile likirudi, haliwezi kuhesabiwa mara mbili. Kazi yake haionekani na mtu, na siku ikionekana ni kwa sababu imeharibika.

Hapa niwape wana-Math-Physique kitu cha kutafuna. Katika lugha nyingi za programu, ukijumlisha 0.1 na 0.2, ordinatere inajibu 0.30000000000000004. Sababu yake ni kwamba inahesabu kwa 0 na 1 tu, na sehemu moja ya kumi katika hesabu hiyo haina mwisho, sawa vile sehemu moja ya tatu haina mwisho katika hesabu yetu ya kumi. Kwa hiyo fundi mwenye akili hahesabu feza kwa namba zenye nukta za namna hii. Anahesabu senti nzima nzima.

c) Fundi wa daftari kubwa. Kila feza inayopita inaandikwa. Mistari inakuwa mamilioni, na mtu akiuliza «nilituma nini mwezi uliopita?» jibu linapaswa kufika upesi. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtu wa hesabu kutoka Uingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani, alionyesha kwamba habari zinaweza kupangwa katika majedwali yanayounganishwa kwa kanuni za hesabu. Hata leo madaftari mengi ya benki na ya simu yanafuata fikra hiyo. Mwanafunzi wa Biashara anayependa kuona debi na kredi zinalingana, asidhani informatiki haimhusu.

d) Fundi wa ulinzi. Namba ya siri ya tarakimu 4 inatoa namna 10,000 tu, kwa kuwa 10 × 10 × 10 × 10 ni 10,000. Masini inaweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi. Ndiyo sababu ukikosea mara chache tu, akaunti inafungwa. Tena namba hiyo haifai kuandikwa daftarini jinsi ilivyo. Inasagwa kwanza kwa hesabu ya pekee, sawa vile mahindi kinuni: unga haurudi kuwa mahindi. Fundi wa ulinzi anafikiri kama mwizi ili kumzuia mwizi. Lazima awe mtu wa haki kabisa, maana anajua milango yote.

e) Fundi wa mitambo. Programu inakaa katika ordinatere kubwa zinazoitwa seva, na seva zinataka umeme, baridi na njia za mawasiliano. Fundi huyu anaweka nakala mahali pawili, ili moja ikianguka nyingine iendelee. Anaamshwa saa nane za usiku. Akiamshwa, anapaswa kuwa mtulivu. Kama uko mtu wa kutengeneza generatere ya shule wakati wengine wanapiga kelele gizani, tawi hili lifikirie.

f) Mpimaji. Kazi yake ni kuvunja programu mbele ya watu wengine kuivunja. Anatuma franga 0. Anatuma kwa namba isiyoko. Anatuma kwake mwenyewe. Wengi wanaidharau kazi hii. Tarehe 4 Juni 1996, roketi Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, na haikufika hata dakika moja hewani, ikavunjika. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa katika roketi ya zamani, Ariane 4. Namba moja ikawa kubwa kupita nafasi iliyowekewa, nafasi ambayo mwisho wake ni 32,767. Ariane 4 haikuwahi kufika namba hiyo. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mwingine, na hakuna aliyeijaribu sehemu ile kwa mwendo mpya. Kosa lilikuwa dogo, na gharama yake ikawa ya kutisha.

g) Fundi wa kusoma habari. Huyu anaangalia mistari mingi ya daftari na kutafuta maana yake. Akaunti iliyolala mwaka mzima, leo inapokea feza kutoka kwa watu arobaini kwa saa moja: ni ndoa, ni matanga, ama ni wezi? Anatumia hesabu za bahati na za wastani. Kazi hii haiko kwa feza peke yake. Wizara yetu ya Afya inakusanya habari za hospitali na vituo vya afya kwa programu DHIS2, inayoendeshwa toka Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Mtu wa Biolojia-Kemia anayejua maana ya homa na ya chanjo anaweza kuziona habari hizo vizuri kuliko mtu anayejua ordinatere tu.

h) Fundi wa vyombo vidogo. Ile karti ya SIM ndani ya simu ya mama ni ordinatere ndogo yenyewe, iko na programu ndani yake. Vile vile kipimo cha umeme, pampu ya maji na betri ya jua. Hapa nafasi ni ndogo, nguvu ni kidogo, na kosa mara nyingine linaunguza kitu cha kweli. Ni tawi la wale wanaopenda fizikia na bisibisi.

Franga za mama zimefika. Mtoto anaona ujumbe, anashukuru. Hajui kwamba mafundi nane wa namna mbalimbali wamezibeba.

3. WALIOTANGULIA WALIPATA UFUNDI WAO NAMNA GANI

Sasa njo ulizo lenyewe: katika hayo yote, langu ni lipi? Wengi wanadhani mtu anaketi, anasoma orodha, anaweka kidole juu ya jina moja. Tukitazama wale wanaojulikana, tunaona hawakufanya hivyo.

Margaret Hamilton, mwanamke wa Marekani aliyezaliwa 1936, alisoma hesabu. Mwaka 1959 aliingia MIT kuandika programu za hali ya hewa. Kisha akaandika programu za SAGE, mpango wa kulinda anga ya nchi yao. Kisha akaingia katika kazi ya Apollo, safari za mwezini. Katika kazi hizo ulizo moja lilimshika: programu ifanye nini wakati jambo lisilotazamiwa linapofika? Ulizo hilo likawa ufundi wake. Tarehe 20 Julai 1969, dakika chache mbele ya Apollo 11 kutua mwezini, ordinatere ya chombo ilianza kutoa alama za hatari, maana kazi zilikuwa zimeizidi. Programu ilipangwa ili katika hali hiyo iache kazi ndogo na kushika ile kubwa, yaani kutua. Wakatua salama.

Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Finland, mwaka 1991. Alikuwa akiandika programu ndogo ya kuunganisha ordinatere yake na zile za chuo kikuu. Ilimpasa kuelewa namna masini inavyofanya kazi ndani kabisa. Hakuacha kuchimba, na kile kitu kidogo kikakua kikawa Linux. Leo simu zote za Android zinasimama juu ya Linux.

Tim Berners-Lee alisoma fizikia. Alikuwa akifanya kazi CERN, karibu na Geneva, kati ya wataalamu wa nchi nyingi, kila mmoja na ordinatere ya namna yake, na habari zilikuwa zinapotea. Mwezi wa Machi 1989 aliandika shauri la kuunganisha maandishi hayo. Shauri hilo likazaa wavuti ambayo dunia nzima inatumia.

Mnaona? Wote watatu walianza na kazi iliyokuwa mbele yao. Walipata taabu moja isiyowaacha, wakakaa nayo. Jina la ufundi lilikuja nyuma. Hata M-Pesa yenyewe ilikuwa hivyo: mwaka 2005, ilipojaribiwa Kenya, ilikusudiwa watu walipe madeni madogo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana feza. Wenye kazi walifungua macho, wakafuata kile watu walichokuwa wanafanya.

Kwa hiyo ninasema: ufundi wako unaupata ndani ya kazi. Na alama yake hii hapa. Usiulize ni kazi gani inakufurahisha inapotembea. Kila kazi inafurahisha ikitembea. Uliza: ikikataa, ikikataa tena, ni ipi ninarudia kesho asubuhi bila mtu kunisukuma? Mmoja anaweza kukaa saa tatu akitafuta kosa la hesabu, lakini kupanga maneno juu ya uso wa simu kunamchosha kisha dakika kumi. Mwingine ni kinyume. Hakuna aliye bora kuliko mwenziwe, lakini kila mmoja ana kosa analoweza kulivumilia.

4. SHINA KWANZA, MATAWI KISHA

Mtu asiruke juu ya tawi bila kupanda shina. Shina ni nini? Ni kujua lugha moja ya programu vizuri, si tano nusu nusu. Ni kujua kugawanya kazi kubwa katika vipande. Ni kusoma ujumbe wa kosa wote, mpaka mwisho, mbele ya kuita mtu. Ni kujua kidogo namna daftari, mtandao na ulinzi vinavyofanya kazi, hata kama si tawi lako. Fundi wa uso asiyejua lolote la ndani atawaahidi watu kitu kisichowezekana.

Ongezeni lugha. Kifaransa tunasomea, lakini maandishi mengi ya kazi hii ni ya Kiingereza. Anayelala katika somo la Kiingereza anajifungia mlango mwenyewe.

5. NAMNA YA KUJIPIMA TUKIWA HAPA

Mtu atasema: «Kapita, sina ordinatere.» Wengi wetu hatuna. Lakini kuko mambo tunayoweza kuanza.

Kwanza, karatasi na bike. Chukua kadi 20 zenye majina ya wanafunzi. Andika amri za kuzipanga kwa alfabeti, hatua kwa hatua. Mpe mwenzako, naye afanye paka kile kilichoandikwa, bila kukusaidia kwa akili yake. Utaona amri zako zinavunjika wapi. Wewe uliyeandika umekuwa fundi wa ndani, na yule aliyetafuta tundu ni mpimaji. Mbadilishane. Angalia ni upande gani ulikuwa na furaha.

Kisha jaribu hili. Majina 1,000 yamepangwa kwa alfabeti. Unatafuta jina moja. Ukianza juu mpaka chini, utaweza kutazama mara 1,000. Ukifungua katikati, ukaacha nusu isiyofaa, ukafungua tena katikati ya nusu iliyobaki, hutapita mara 10, maana 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024. Ukisoma mistari hii na damu ikachemka, wewe ni wa hesabu za ndani. Ukisoma na kuwaza «nani ataandika majina hayo bila kukosea?» pengine wewe ni wa daftari ama wa uso.

Pili, simu. Kama kaka ama dada yako ana simu ya Android, inatosha kwa kuanza. Ukurasa wa wavuti unaandikwa kwa maandishi ya kawaida na kufunguliwa bila intaneti. Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, inaweza kuandikwa juu ya simu, na ni ya bure. Kuko pia Kiwix, programu inayokuwezesha kusoma Wikipedia nzima bila mtandao: mmoja anaishusha mara moja mjini, na wenzake wanaipokea kwake.

Tatu, fanya kazi tatu ndogo za namna tatu. Moja ya uso: ukurasa wa saa za masomo na za kwaya, ambao mtoto wa kalasi ya kwanza anaweza kuusoma. Moja ya ndani: programu ya kujumlisha pointi na kutoa asilimia, isiyoanguka mtu akiandika herufi mahali pa namba. Moja ya habari: andika bei ya unga sokoni kila juma kwa miezi miwili, kisha itafute maana yake. Kila kazi uipe majuma matatu au manne. Siku mbili hazitoshi kujua kitu, maana mwanzo wa kila kazi ni nguvu.

Nne, shika kaye ndogo. Kila mara andika mambo matatu: nilifanya nini, nilikwama wapi, nilirudi mwenyewe ama nilijilazimisha? Kisha miezi mitatu soma kaye yako. Kaye haidanganyi kama marafiki.

Tano, ukimpata mtu anayefanya kazi hii mjini, usianze kumwuliza mshahara. Mwulize kwa heshima: «Yaya, Jumatatu iliyopita ulifanya nini tangu asubuhi?» Jibu lake litakufundisha kupita matangazo yote ya vyuo.

6. MASHAURI TUNAYOYASIKIA

«Chagua ile inayolipa.» Feza ni neno la kweli, sisi wote tuko na wadogo nyumbani. Lakini kazi inayolipa leo inaweza kuisha. Wengi walijifunza Flash, chombo cha kutengeneza picha zinazotembea katika wavuti. Mwisho wa mwaka 2020 Adobe iliacha kuitunza, ikazimika. Lakini COBOL, lugha ya mwaka 1959, bado inafanya kazi katika benki. Nani alijua? Basi jifunge kwa taabu unayotaka kuitatua, usijifunge kwa jina la chombo. Vyombo vinabadilika, lakini franga za mama zitahitaji kufika salama siku zote.

«Hii haiko ya wasichana.» Grace Hopper wa Marekani alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwaka 1952 alitengeneza programu ya kwanza ya namna yake, iliyogeuza maandishi ya mtu kuwa amri za masini, na kazi yake ilifungua njia ya COBOL. Hamilton tumemwona. Wadada, anayewaambia neno hilo mpeni historia asome.

«Ni ya Math-Physique peke yao.» Hapana. Mtu wa Pedagojia anajua kueleza. Na programu nyingi zinakufa kwa sababu hakuna aliyezieleza kwa watumiaji. Mtu wa Biashara anajua daftari. Mtu wa Ushonaji anajua kupima mara mbili mbele ya kukata. Hesabu inatakiwa, ndiyo, na katika matawi mengine inatakiwa sana. Lakini haiko mlango mmoja tu.

«Masini zitaandika programu zenyewe.» Tangu ChatGPT ilipotokea mwezi wa Novemba 2022, tunaona masini zinaandika vipande vya programu upesi sana. Ni kweli, na mafundi wengi wanazitumia. Lakini zinaandika pia makosa, kwa sauti ile ile ya uhakika. Franga 50,000 zikipotea, mama hataiita masini. Atamwita mtu. Na mtu huyo lazima ajue kusoma kile kilichoandikwa, na kusema: hapa ni uongo. Kwa hiyo anayetaka tu kunakili atapata shida, na anayeelewa tawi lake vizuri atapata msaidizi.

«Usichague, jua yote.» Mwanzoni ni vizuri kuonja mengi. Lakini anayebadili tawi kila mwezi ni kama mkulima anayefukua mbegu kuona kama imeota. Ukishaona mara tatu kwamba unarudia kazi ile ile, kaa hapo mwaka mmoja ama miwili. Tawi si gereza. Hamilton alipita kazi mbili mbele ya ile ya Apollo, na yale aliyojifunza hakuyaacha njiani.

7. NENO LA MWISHO

Kwa wa kalasi ya sita: mbele ya kuandika jina la fakulte juu ya karatasi, jibuni maulizo matatu. Ni taabu gani ya watu ninaitaka kuitatua? Ni kosa la namna gani ninaweza kukaa nalo mpaka jua kutua? Ni kazi gani ndogo nimekwisha kuimaliza mpaka mwisho, hata kwa karatasi? Mwenye jibu moja tu kati ya matatu bado yuko na wakati wa kuanza. Wa kalasi ya tatu na ya nne wako na wakati zaidi. Wasiungoje mpaka uishe.

Kwa walimu wetu: mkitupa saa moja kwa juma ya mchezo ule wa kadi na amri, wengi watajua upande wao mbele ya wazazi kuuza ng'ombe.

Na kwa kila mmoja: usiseme tena «nitafanya informatiki» na kunyamaza. Ukiulizwa «fundi wa nini?» uwe na neno la kujibu, na kazi ndogo ya kuonyesha.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita Math-Physique